Kopo la Komwe

Chini ya kitanda cha mama, katika nyumba yetu iliyo nje kidogo ya mji wa Wete, kisiwani Pemba, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo sisi watoto tulilijua tangu utotoni na tulikatazwa kulichezea. Ndani yake mlikuwa na komwe, zile mbegu ngumu za rangi ya kijivu ambazo watu huziokota pwani na kuzichezea bao. Kila komwe ilikuwa hesabu ya siku moja ya Ramadhani ambayo mama hakuifunga kwa udhuru wa mimba, uzazi, kunyonyesha au hedhi, na kila alipolipa siku moja alitoa komwe moja na kuitupa uani. Mama alizaa mara sita, tukabaki wanne, na baina ya shamba la karafuu na mwani wake wa pwani hakuwa mtu wa kupata siku nyingi za kupumzika, kwa hiyo kopo lile lilipungua likajaa, likapungua likajaa, wala halikupata kuwa tupu.

Naanza na kopo hili kwa sababu katika ugonjwa uliomwondoa duniani mama aliliulizia mara tatu kabla hatujamwelewa, na mara zote tatu tulimjibu kwa maneno ya imani. Tulimwambia, "Inshaallah utapona, utazifunga mwenyewe." Jibu hilo lilitupendeza sisi tuliolitoa, nalo lilimfungia mama mlango. Imenichukua muda mrefu kukiri kwamba hata dua huweza kutumika kumnyamazisha mtu.

Maradhi yalianza katika msimu wa karafuu. Mama alikuwa na mikarafuu michache aliyoirithi kwa babu, na msimu ule alikaa jamvini kama kila mwaka akichambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule, huku akizungumza na vibarua. Adhuhuri moja tonge la muhogo lilimkwama kifuani. Alikunywa maji, likashuka, akacheka. Baada ya wiki chache akawa hali muhogo wala mkate mkavu, akidai kwamba havimpendezi. Kisha akawa anaulowesha wali kwa mchuzi mwingi kuliko desturi yake. Kisha akahamia kwenye uji. Sasa najua kwamba huo ndio mwendo wa saratani ya umio, ambayo huanza kuzuia vyakula vikavu, ikazuia vilaini, na mwisho ikazuia hata maji, na kwamba mara nyingi mtu anapoanza kukwamwa uvimbe huwa umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia. Wakati ule tulidhani ni umri. Mahali pa kwanza tulipompeleka alipewa dawa za vidonda vya tumbo, akazitumia kwa miezi minne, na kila aliporudi kueleza kwamba bado anakwamwa aliongezewa zile zile. Nimewahi kuwa na hasira juu ya miezi ile minne. Lakini sisi tuliokula naye sinia moja tulimwona akiuacha muhogo, akiuacha mkate, akibakiwa na uji, na hatukumhoji.

Hatimaye alivushwa Unguja, akapimwa kwa kamera na kukatwa kinyama, na majibu yalipotoka katika mwezi wa Rajabu tuliitwa sisi watoto bila yeye, kwa sababu kaka alikuwa ameomba iwe hivyo. Jioni ile ile tulikaa kikao: kaka, ami, shangazi, mdogo wangu wa kike na mimi. Mdogo wetu wa kiume alisikiliza kwa simu. Ami alisema kwamba mgonjwa hakatwi moyo, na kwamba dini inatutaka tuingie kwa mgonjwa kwa maneno ya kumfurahisha. Kaka alisema kwamba mama akilisikia neno saratani atakufa kabla ya siku yake, na hapo hapo akajirudi akasema astaghfirullah, hakuna afaye kabla ya siku yake. Hata hivyo uamuzi ukabaki vile vile. Tukakubaliana kumwambia kwamba ana uvimbe mdogo utakaoyeyushwa kwa mionzi. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, nimesoma kuliko wote mle ndani, na sikusema kitu. Nilijipa moyo kwamba hiyo ndiyo huruma.

Kuanzia siku ile nyumba yetu ilijaa ibada kuliko ilivyopata kujaa, na jambo hili nalieleza kwa uangalifu kwa sababu sitaki kuidharau ibada hata moja. Tulisoma Yasini kila baada ya Magharibi. Maalim wa chuo cha Kurani alichosoma mama utotoni, na ambako mama mwenyewe alikuja kusomesha wasichana, alimwandikia kombe, yaani aya za Kurani juu ya sahani, kwa zafarani, akaliosha kwa marashi, na mama akalinywa kwa taratibu mradi koo lilikuwa bado linaruhusu. Nilimwona usoni utulivu aliokuwa akiupata baada ya kulinywa, na utulivu ule ulikuwa wa kweli. Lakini katika dua zetu tuliomba jambo moja tu, nalo ni apone, apone, apone, kwa sauti ambayo yeye aliyelala chumba cha pili aliisikia, kiasi kwamba mtu mwenye neno jingine la kusema asingepata pa kulipenyeza.

Kulikuwa pia na swali la nani aliyesababisha. Daktari alikuwa ametuuliza kama mama alipenda chai ya moto, akatueleza kwamba upande wetu huu wa Afrika ya Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia ambazo saratani ya umio huonekana kwa wingi, na kwamba mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, katika orodha ya vitu ambavyo yumkini vinachangia saratani. Daktari alikuwa anauliza tu, wala hakutoa hukumu, lakini mdogo wangu wa kike aliyekuwa akimpikia mama chai ya tangawizi kila alfajiri alilia siku mbili. Wengine katika ukoo walitafuta mkosaji nje ya nyumba. Jamaa mmoja alituletea mganga, naye akazunguka uani, akanusa, akasema kwamba mkono uliotenda ni wa mwanamke mmoja katika kundi la upatu ambalo mama alikuwa kijumbe wake. Mama aliyasikia hayo kutoka kitandani, akaita kwa sauti yake iliyokwisha kuwa ya mkwaruzo, akasema, "Msinipeleke kwa Mola wangu na dhambi ya kumsingizia mtu." Mganga aliondoka. Sisi tulisifu ucha Mungu wa mama, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini mtu mwenye uvimbe mdogo anazungumzia kupelekwa kwa Mola wake.

Katika siku hizo ndipo alipoliulizia kopo zile mara tatu.

Safari ya Dar es Salaam ilikuwa ndefu kwa mtu asiyekula: kutoka kaskazini ya Pemba hadi bandarini Mkoani, ambayo ni karibu kukivuka kisiwa kizima, kisha boti hadi Unguja, kisha boti nyingine. Tulifikia kwa jamaa zetu Magomeni, na kila asubuhi nilimpeleka mama katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, penye lile jengo la zamani la hospitali ya Wajerumani linalotazama bahari. Tulikaa kwenye benchi pamoja na watu kutoka kila mkoa. Mionzi ile, daktari alituambia wazi sisi watoto, haikuwa ya kumponya bali ya kumfungulia njia kidogo ili aweze kumeza. Na kweli ilimfungulia. Wiki ya tatu alikunywa mtori bila ya kukwamwa, akasema Alhamdulillah kwa namna ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote juu ya bakuli la mtori.

Usiku wa kuamkia safari ya kurudi nilikuwa nikikunja nguo zake. Mama alikuwa amekaa kitandani, mgongo umeegemea ukuta, akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mwalimu. Nisomee lile neno lililoandikwa pale tunapokwenda kila siku."

Nilinyamaza.

"Mie nimelisoma siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja mnambie nyie."

Sikupata la kusema ila kumwomba radhi, na yeye hakuitoa mara moja. Hakuwa amekasirika kwa sauti, kwani sauti ya kukasirikia hakuwa nayo tena, lakini alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake wa chuoni waliofika bila ya kuhifadhi. Alisema, "Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa, uko kwake. Nyie mmenilaza masiku mangapi?"

Nilihesabu baadaye. Yalikuwa 52.

Aliponieleza yaliyokuwa yakimpitikia moyoni katika masiku hayo ndipo nilipojua tulichokifanya. Alikuwa amenyamaza ili asituvunje sisi. Aliona tunavyojitahidi kutabasamu, akaona uchungu kutunyang'anya tabasamu lile, kwa hiyo akakaa peke yake na mauti yake katika nyumba iliyojaa watu na dua. Alisema kwamba kila aliposikia tukiitikia amina kwa nguvu baada ya kumwombea afya, alijiona kama mkosaji kwa kuwa yeye kimoyomoyo alikuwa akiomba jambo jingine, husnul khatima, mwisho mwema, na hakuwa na mtu wa kumwitikia amina hiyo.

Tulirudi Pemba siku nne kabla ya Ramadhani kuandama. Nilimweleza kaka ndani ya boti, upepo ukiwa mkali, na nilitarajia aje juu. Kaka alifunika uso kwa kofia yake akalia, akasema kwamba na yeye alikuwa amechoka kusema uongo.

Muda uliofuata, kiasi cha miezi miwili na nusu, nauhesabu kuwa ndio uliokuwa na imani zaidi katika maisha ya ukoo wetu, ingawa sauti za ibada zilipungua. Mama alianza na fedha za watu. Upatu ulikuwa na wanawake 12, wengi wao wakulima wenzake wa mwani, na wanne walikuwa hawajapokea zamu zao. Orodha yote ilikuwa kichwani mwake, haikuandikwa popote. Aliwaita, wakakaa jamvini wakikizunguka kitanda, akataja kila mmoja na kiasi chake, akakabidhi mkoba kwa mwenzake waliyekubaliana awe kijumbe mpya. Yule mwanamke ambaye mganga alimtaja alikuwa mmoja wa wale wanne. Alipokea haki yake, akambusu mama mkono, na hadi leo hajui kwamba jina lake lilipata kutajwa uani kwetu. Kama mama angekufa katika yale masiku 52, fedha zake zingekosekana na tuhuma ingekuwa imekwisha kupandwa. Nikilifikiria hilo mwili hunisisimka.

Ramadhani hiyo hakufunga hata siku moja. Ni mtu aliyefunga tangu utotoni, na asubuhi ya kwanza alikataa uji hadi maalim alipokuja kumkumbusha kwamba ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara kama ilivyomo amri yenyewe ya kufunga, na kwamba aliyetoa amri ndiye aliyetoa ruhusa. Kwa kuwa ugonjwa wake haukutarajiwa kupona, alitakiwa kutoa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Akaagiza kibaba na gunia la mchele viletwe kitandani, akataka kupima kwa mkono wake mwenyewe. Vibaba 30, ambavyo ni pishi 7 na nusu, vilimchukua siku tatu. Mkono ulikuwa ukitetemeka na mchele ukimwagika kwenye shuka, na mdogo wangu alipotaka kumsaidia alimwambia amwachie kazi yake.

Kulikuwa na jirani ambaye mama hakuwa akizungumza naye kwa miaka tisa kwa sababu ya mkarafuu mmoja uliosimama mpakani. Wageni wa Pemba pengine hawatafahamu uzito wa jambo hili, lakini mkarafuu kwetu ni ada za shule, ni mahari, ni bati la nyumba. Jirani alikuja usiku baada ya tarawehe, akasimama mlangoni hakutaka kuingia, hadi mama alipomwita kwa jina lake la utotoni. Mama aliusia mti ule uwe wa jirani, mbele ya mashahidi, na kaka alipokumbusha kwa adabu kwamba wasia una mpaka wake wa theluthi, maalim alimjibu kwamba mti mmoja uko mbali sana na theluthi. Kaka aliumia, nilimwona. Mama alisema, "Sijui ni wangu au ni wake, na kaburini sitaki kwenda na mti nisioujua."

Kopo alilisema mwisho wa yote, na safari hii tulilitoa chini ya kitanda. Tulimwaga komwe juu ya mkeka tukazihesabu mbele yake mara mbili. Zilikuwa 43. Maalim alitueleza kwamba imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, katika Bukhari na Muslim, kuwa anayekufa hali anadaiwa saumu atafungiwa na walii wake, yaani jamaa yake wa karibu. Na kwamba wako wanazuoni wanaotosheka na kulisha kibaba kwa kila siku. Akaongeza kuwa, kwa vile siku hizo zilicheleweshwa hadi kupitiwa na Ramadhani nyingine, kibaba cha ucheleweshaji kitolewe kwa vyovyote. Mama alisema tuchague wenyewe, hatatubebesha. Mdogo wetu wa kiume, kibarua wa ujenzi Unguja, ambaye sisi wakubwa tulikuwa tukimlaumu kwa uvivu wa sala, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba yeye atafunga.

Baada ya Idi koo lilianza kuziba tena, na maumivu yakaja mgongoni na kifuani kwa namna ambayo hatukuwa tumeiona. Tulikuwa tumepewa chupa ya mofini ya maji, chungu sana, ya kupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kutiwa mdomoni kila yapitapo masaa manne. Chupa hiyo ilikaa kabatini siku mbili bila ya kuguswa. Shangazi alisema kwamba hizo ni dawa za kulevya. Ami aliogopa jambo zito zaidi, kwamba mama atalewa, asiweze kuitamka shahada wakati wa kukata roho. Nami nilitetea dawa kwa sauti ndogo kisha nikanyamaza, kwa mara ya pili. Siku mbili hizo mama aliuma upindo wa kanga. Hilo ndilo kosa ambalo mpaka sasa siwezi kulieleza bila ya kusimama kidogo.

Tulimwita maalim. Hakuhubiri. Aliuliza mama anasali vipi, tukamjibu kwamba toka juzi hamalizi hata rakaa moja, maumivu yanamkatisha katikati ya Alhamdu. Akatuuliza, "Sasa kitu gani kinachomzuia na sala, dawa au maumivu?" Akatukumbusha kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fikihi anaijua, kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, kisha akasema kwamba dawa iliyopimwa na tabibu kwa ajili ya maumivu hata haifiki kwenye kanuni hiyo, ni tiba kama tiba nyingine, na kwamba tumeamrishwa kujitibu. Yeye mwenyewe alimshikia mama kichwa wakati mimi nikimtia dawa mdomoni. Baada ya nusu saa hivi uso wa mama ulilainika. Akaomba udongo wa kutayamamu, akasali Adhuhuri kwa ubavu, kwa ishara ya macho, rakaa nne kamili. Ami alikuwa amekaa mlangoni akimwangalia. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akishika saa na kutugutua usiku kwamba wakati wa dawa umefika.

Chakula nacho kilitutesa. Mama mdogo alikuwa akija na kikombe cha uji na kijiko, akimbembeleza, akimtia aibu, akilia, kwa sababu kwetu sisi kumwacha mtu asile ni kumtupa. Maalim alitusomea hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inayotukataza kuwalazimisha wagonjwa wetu kula na kunywa, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ndiye anayewalisha na kuwanywesha. Mama mdogo akaweka kijiko chini. Akawa analowesha pamba kwa maji ya dafu na kumpangusia midomo, na kazi hiyo ikawa yake peke yake hadi mwisho.

Alifariki katika Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, usiku wa kuamkia Alkhamisi. Jioni yake alikuwa na fahamu. Alituomba radhi mmoja mmoja, akatutaka na sisi tumwombe, na zamu yangu ilipofika nilisema tu, "Nisamehe yale masiku," akasema, "Yalipita, mwanangu." Wakati wa Magharibi ami alimsomea shahada polepole, akaitikia yote, kwa sauti iliyosikika. Baada ya hapo hakusema neno jingine. Shangazi alitaka tuendelee kumwambia aseme, aseme tena, na maalim akamzuia kwa upole: mtu akishaitamka na asizungumze lolote baada yake, hilo ndilo neno lake la mwisho, asisumbuliwe. Tukakaa kimya tukisoma Yasini chini chini. Dawa ya saa tano za usiku nilimtia kidogo mdomoni. Kabla ya alfajiri pumzi zilianza kuachana, moja, kisha kitambo, kisha nyingine, hadi tulipokuwa tunangoja moja ambayo haikuja. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimelitamka neno hilo maelfu ya mara kwa vifo vya watu wengine, na alfajiri ile lilikuwa zito ulimini kama jiwe.

Nililia kwa sauti. Shangazi aliniambia niache, kulia ni kukosa subira, na safari hiyo sikunyamaza. Nilimwambia kwamba Mtume alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema kwamba macho yanatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Shangazi alinitazama, kisha akanikumbatia, akalia yeye kunishinda.

Tulimwosha sisi wanawake, kwa maji ya majani ya mkunazi na mwisho kwa kafuri, mimi nikiwa upande wa kichwa. Alikuwa mwepesi. Nilipokuwa nikimfunga ukaya nilitambua kwamba hakukuwa na jambo lolote ambalo sikuwa nimemwambia, na kwamba hali hiyo hatukuistahiki, tulipewa na yeye, siku ile alipotuondolea uongo wetu. Alizikwa baada ya Adhuhuri. Kaka aliingia kaburini, akamlaza katika mwanandani yeye na ami. Habari za matanga ni kama za matanga mengine.

Komwe 43 tuligawana: 11 kaka, 11 mimi, 11 mdogo wangu wa kike, na 10 mdogo wetu wa mwisho, ambaye siku ya kwanza alifungua kinywa peke yake kwenye jengo lisiloezekwa, kwa tende tatu na maji ya chupa, akatupigia simu kutueleza. Sisi wengine tulimaliza kabla ya Mfunguo Sita. Yeye kazi yake ni ya juani, hivyo alifunga siku moja moja, Jumatatu hii, Alkhamisi ile, hadi Rajabu ikarudi. Siku yake ya mwisho alipanda boti akiwa na saumu, akafika Wete jua likizama, tukafungua kinywa pamoja kwa muhogo wa nazi. Kisha akaleta kopo, akaitoa komwe iliyobaki, akaiweka kiganjani. Akauliza kama anaweza kuiweka iwe kumbukumbu. Kaka alifikiri, akamwambia kwamba mama hakuweka hata moja aliyokwisha kuilipa. Akatoka uani gizani akaitupa kwa nguvu, tukaisikia ikigonga bati la banda la kuku.